Duru ya pili tuliyoifuta kabla ya kuijaribu

Wadau, kuna kipande cha historia ambacho vijana wengi ninaoongea nao hawakijui: Tanzania iliwahi kuwa na duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Ilikuwa kwenye karatasi tu, lakini ilikuwepo.

Mwaka 1995 Mbulu na Hanang zilikuwa bado mkoa wa Arusha (Manyara ilizaliwa 2002). Katiba wakati huo ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali. Mkapa akapata karibu asilimia 62, mchezo ukaishia hapo. Akamteua mbunge wa Hanang, Frederick Sumaye, kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 2000, Sumaye akiwa bado kwenye kiti hicho, Bunge likapitisha mabadiliko ya 13 ya Katiba. Tangu hapo anayewazidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye rais.

Najua mtaniuliza hasara iko wapi, maana tangu 1995 hakuna aliyetangazwa kwa chini ya asilimia 58. Basi tuwatazame jirani zetu wa Kongo. Julai 2006 Kabila alipata asilimia 45, Bemba 20. Hakuna aliyevuka nusu, ikabidi warudi kwa wananchi Oktoba. Kabla ya kurudi, Kabila alilazimika kuelewana na Antoine Gizenga aliyeshika nafasi ya tatu, mzee mwenye watu wake Bandundu. Kabila akashinda kwa asilimia 58, Gizenga akawa Waziri Mkuu. Januari 2011 wakaifuta duru ya pili. Mwaka huohuo Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 49, na 2018 Tshisekedi kwa 38 na ushee. Hakuna aliyehitaji tena kumbembeleza wa tatu.

Hapo ndipo mimi naiona Mbulu. Mwaka 2010 mzaliwa wa huko, Dk. Slaa, alipata asilimia 27 ya kura za urais. Siku wagombea watatu wakilingana nguvu, duru ya pili ingewarudisha wawili mpaka Haydom na Katesh kuomba upya. Bila hiyo, aliyeshindwa na watu wake wanafungiwa mlango hadi baada ya miaka mitano.

Tume ya Warioba ilipendekeza mwaka 2013 turudi kwenye zaidi ya nusu, lakini Katiba mpya ikakwama njiani. Na Sumaye? Mwaka 2015 alihamia upinzani, akarudi CCM 2020. Ndiyo maana nasema kanuni hizi tuziandike kabla hatujajua nani atazihitaji. Nyie mnaonaje?