Mafundi wa vito Kibera na ulinzi wa ubunifu wao

KATIKA mtaa wa Kibera, Nairobi, mafundi wa vito wanaojitegemea hutumia mali ghafi iliyotupwa na wengine: mifupa na pembe za ng'ombe, pamoja na makufuli na mifereji ya maji ya shaba iliyochakaa.

Shaba huyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kisha hupigwa tupa na kung'arishwa. Mifupa huchemshwa ili mafuta yatoke, ikakatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa msasa. Vumbi lake hudhuru mapafu. Fundi asiyejifunika pua na mdomo hujitia hatarini.

Kwa kuwa mali ghafi ni ya bei nafuu, thamani ya bangili au kipuli hutokana na kazi ya mikono na ubunifu. Hapo ndipo penye tatizo: mtindo mpya ukishaanikwa sokoni, ni rahisi kuigwa na kuuzwa kwa bei ya chini.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 humruhusu mbunifu kusajili umbo jipya na kulindwa kwa miaka 5, muda unaoweza kuongezwa mara 2. Ni salama zaidi kuomba usajili kabla ya kuuza, maana ulinzi huo hutolewa kwa umbo jipya pekee.