Kachero Spear na Watu wa Gunia

Mtajie Lance Spearman mzee aliyesoma Nkubu, Meru, mwishoni mwa miaka ya 1960, uone kama hatatabasamu. Atakutajia kofia ya panama, tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni na lile gari la Corvette Stingray. Jarida lenyewe liliitwa African Film, lakini wasomaji wengi walilijua kwa jina la kachero wake: Spear.

Halikuwa la kuchorwa. Lilikuwa la picha za kamera, watu halisi wamepangwa wakaigiza, maneno yao yakabandikwa juu ya vichwa kama ilivyo kwenye komiki. Ngumi inarushwa, unaiona imeganda hewani karibu na kidevu cha jambazi, na hapo pembeni mlio wake umeandikwa kwa herufi nene. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi hakukwama. Maadui walikuwa na majina ya kutisha: Rabon Zollo, Dr. Devil, Countess Scarlett. Wote walikuwa na magenge ya siri, na wote walitaka kuushika mji mmoja wa Afrika usiotajwa jina. Spear akawavuruga, akisaidiwa na Sonia, kijana Lemmy na Kapteni Victor wa polisi.

Mwigizaji wake, Jore Mkwanazi, alikuwa ametumika nyumbani kwa watu na kupiga piano kabla ya kuvalishwa suti ya ukachero. Kampuni ilikuwa Drum, ya Jim Bailey wa Johannesburg, na jarida liliuzwa Afrika Mashariki na Magharibi. Hapo ndipo penye utata. Huyu shujaa Mwafrika, msomi, mwenye pesa na bastola, alitengenezwa na kampuni iliyofanya kazi chini ya serikali ya ubaguzi wa rangi. Basi adui alikuwa daktari mwendawazimu au mwanamke mrembo mwenye sumu. Hakuwa mkoloni wala kaburu.

Marekani nako magenge ya siri yaliuza komiki. Katika toleo la Agosti 1965, watunzi Stan Lee na Jack Kirby walimpa Nick Fury shirika la kijasusi, S.H.I.E.L.D., likipambana na Hydra, jeshi la siri la watu waliofunika nyuso kwa kofia za kijani. Kwa msomaji wa New York, mtu aliyefunikwa uso ni burudani ya senti kumi na mbili.

Kwa msomaji wa Imenti, huku Meru, la. Aprili 1954, wakipambana na waasi wa Mau Mau, Waingereza waliendesha Operesheni Anvil jijini Nairobi, wakawasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Waliokamatwa walipitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia kichwani, yakiwa na matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini. Aliyerudi kijijini hakujua aliyemtaja ni nani. Pengine ni jirani yake, pengine ni mtu aliyekula naye kiapo usiku mmoja.

Na wala Wameru hawakuhitaji kufundishwa chama cha siri ni nini. Njuri Ncheke, baraza lao la wazee, lina kiapo chake na mambo yasiyosemwa mbele ya asiyeingizwa. Mau Mau nayo ikala viapo vyake. Majenerali wake walijipa majina ambayo Dr. Devil angeyaonea wivu: China, Tanganyika. Wa huku Meru, Musa Mwariama alitoka msituni Desemba 1963 akapigwa picha na Jomo Kenyatta. Mwenzake Baimungi alibaki akidai kilichoahidiwa, akauawa na askari wa Kenya huru Januari 1965, miezi michache kabla Hydra haijatoka mtamboni.

Kwa hiyo mtoto aliyejificha na Spear chini ya dawati alikuwa na baba anayejua siri kuliko kachero yeyote. Baba hakusema. Isitoshe, Mau Mau ilibaki chama haramu kisheria tangu 1950 hadi 2003, kwa hiyo nani angeitia kwenye komiki?

Mwandishi Mkenya David Maillu alijaribu jasusi wa namna nyingine. Mwaka 1980, katika The Equatorial Assignment, alimleta Benni Kamba, jasusi 009, anayelitumikia shirika la bara zima na kupambana na Dr. Thunder. Ni kitabu cha kuchekesha kuliko cha kutisha, na nadhani Maillu alikusudia hivyo.

Kisha makachero wa kweli wakaingia hadithini. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya ya Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, kuhusu mpiganaji anayetoka msituni akiuliza haki iko wapi. Ngũgĩ alisimulia kwamba taarifa za kijasusi ziliifikia serikali: kuna mtu aitwaye Matigari anazunguka akiuliza maswali, na amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua yumo kitabuni tu, Februari 1987 waliingia madukani wakazoa nakala zote.