Mkono Mmoja Haulei Mwana: Usiku wa Mtoto Asiyelala, Kutoka Unguja Hadi Maskati



Historia yetu tumezoea kuisoma kwa majina ya masultani, majahazi, karafuu na mikataba. Leo tuitazame kutoka chumba cha ndani, saa nane za usiku, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapoamka kwa mara ya nne. Amejipinda mgongo, anapiga mayowe, hataki maziwa, hataki maji, hataki kubebwa wala kuwekwa chini. Wazazi wengi wa jamii yetu hapa Maskati wanaujua usiku huo, na wengi wao hudhani ni balaa iliyowashukia wao peke yao. Sivyo. Usiku huo una historia, na historia hiyo ina jambo la kutuambia: dawa za mtoto asiyelala tumezirithi, lakini zamu za usiku hatukuzirithi. Na zamu ndizo zilizokuwa zikifanya kazi.

Tuanzie Unguja. Maelezo ya zamani tuliyonayo yanatoka kwa Sayyida Salme bint Said, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, aliwaeleza wasomaji wa huko namna watoto wa jumba la baba yake walivyolelewa. Mtoto mchanga alikuwa akifungwa kitambaa mwili mzima kwa siku 40 za mwanzo, na hufunguliwa kwa kuogeshwa tu. Aliandika pia juu ya yaya na tabia yao ya kuwasimulia watoto hadithi za kutisha, za simba, chui, tembo na wachawi. Mzazi wa leo akisoma hapo atatabasamu: mtoto aliyelazwa na simba kichwani, ajabu gani akiamka anapiga kelele?

Kinachoonekana katika maelezo hayo, hata bila kusemwa, ni wingi wa watu. Mtoto hakuwa na mtu mmoja wa kumbembeleza. Alikuwa na mama, na bibi, na shangazi, na dada wakubwa, na yaya. Hata katika nyumba za kawaida za Ng'ambo au za mashamba ya Pemba, ambako hakukuwa na jumba wala mali, mtoto akilia usiku alipita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya alfajiri. Mmoja akimfunga mbeleko na kuzunguka naye uani, mwingine analala. Ndiyo maana wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wakieleza utaratibu wa kazi.

Lakini tuwe wakweli. Katika majumba makubwa ya karne ya 19 baadhi ya mikono hiyo haikuwa na hiari. Yaya wengi walikuwa watumwa, na aliyekesha na mtoto wa bwana huenda alimwacha wa kwake akilia peke yake, au alitenganishwa naye zamani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na hapa Oman ulikomeshwa mwaka 1970. Tukizisifu nyumba za zamani kwa utulivu wao wa usiku, tuulize pia ni nani aliyelipia utulivu huo kwa usingizi wake.

Sayyida Salme mwenyewe alikuja kuijua tofauti. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Hamburg na mumewe Heinrich Ruete. Mwezi wa Agosti 1870 mume akafariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka miwili tu na mdogo akiwa na miezi michache. Binti wa sultani, aliyekulia katika jumba lenye mamia ya watu, akabaki katika mji wa baridi, katika lugha ya kigeni, na watoto watatu wote wa umri wa kuamka usiku. Yeye ni miongoni mwa akina mama wa mwanzo wa jamii yetu kuujua upweke wa ughaibuni, na kila mama aliyelea mtoto mbali na kwao atamwelewa bila kufafanuliwa.

Sasa tuvuke bahari tuje Maskati. Mji wa kale, kabla ya mwaka 1970, ulikuwa na kuta na malango. Saa tatu baada ya jua kutua malango yalifungwa, na aliyetembea usiku alitakiwa achukue fanusi. Umeme ulikuwa wa wachache sana. Wakati wa joto watu walipandisha matandiko juu ya madari wakalala chini ya nyota, kwa kuwa ndani hapakaliki. Joto la pwani hii si la mzaha: Quriyat, kusini mashariki ya Maskati, usiku wa Juni 2018 hewa haikushuka chini ya digrii 42.6. Mtoto mdogo katika joto namna hiyo halali, na hana lugha ya kusema kwa nini. Analia. Juu ya dari kilio chake kilisikiwa na mtaa mzima, na pengine aibu ya mama ilikuwa kubwa, lakini na msaada ulikuwa karibu: jirani aliyeamshwa na kelele ndiye huyo huyo aliyenyoosha mikono kumpokea. Mtoto mchanga alitiwa katika manz, kitanda cha kubembea kilichotengenezwa kwa vijiti vya mtende, na yeyote aliyekuwa karibu alikisukuma.

Pande zote mbili za bahari, mtoto akizidi kulia, watu walitafuta sababu. Huyu ana chango. Huyu katupiwa jicho. Huyu dege linamnyemelea. Kila sababu ilikuwa na dawa yake: mvuje wa kunusishwa au kufungwa mkononi, hirizi, kombe la zafarani, ubani, mafuta ya kukandwa tumboni. Nyingi katika hizo hazimdhuru mtoto, na mkono wa bibi unaokanda tumbo polepole una faida yake hata bila mafuta. Baadaye ikaja chupa ya Gripe Water ya Woodward's, iliyobuniwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, ikaenea makoloni yote hadi ikawa kama sehemu ya uzazi wenyewe. Kwa miaka mingi ndani yake mlikuwamo kileo. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo Uingereza ikaiuza bila kileo.

Wala wenzetu wa Magharibi wasitucheke. Katika Uingereza ya karne ya 19, mama aliyefanya kazi kiwandani alimnyamazisha mtoto kwa Godfrey's Cordial, ambayo ilikuwa na afyuni. Marekani iliuza Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yenye mofini, tangu mwaka 1849, na mnamo 1911 chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliiorodhesha miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Watoto wengi walilala, na baadhi yao hawakuamka. Kisa ni kile kile: mama mmoja, mikono miwili, kazi asubuhi, na mtoto asiyenyamaza.

Hapa Oman hatari ilikuwa ya namna nyingine. Kulikuwa na unga wa rangi ya dhahabu ulioitwa bint al-dhahab, binti wa dhahabu, uliopewa watoto wachanga kwa maumivu ya tumbo na kufunga choo. Jina zuri, lakini wachunguzi walipoupima katika miaka ya 1990 waliukuta ni risasi, madini yale yale ya kutengenezea betri za gari. Kuwait nako kulikuwa na desturi ya kuchoma madini yenye risasi juu ya makaa ili moshi wake umtulize mtoto. Risasi huingia katika ubongo wa mtoto. Dalili zake za mwanzo ni kununa, kulia ovyo, kuumwa tumbo na kukosa usingizi, yaani hayo hayo aliyopewa dawa kwa ajili yake. Basi mama akiona bado analia humwongeza kidogo, na mzunguko unaendelea hadi mtoto anaingia katika degedege.

Wanja nao unahitaji uangalifu. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa baadhi ya wanja unaouzwa Oman ni wa masizi, lakini mwingine umetengenezwa kwa madini ya risasi. Kwa macho hutaweza kuutambua. Bibi zetu hawakuwa na maabara na hatuwalaumu. Sisi tunazo.

Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 watu wetu walitawanyika: Mombasa, Dar es Salaam, Cairo, Dubai, Kuwait, Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, wengi wa Afrika Mashariki waliitika. Walikuja na elimu yao, na akina mama hawakubaki nyuma. Walikuwa wauguzi, walimu na makarani wa wizara mpya. Nchi waliyoijenga ilipiga hatua za ajabu. Mwaka 1970 zaidi ya watoto 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hawakufika mwaka mmoja. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman nafasi ya nane duniani kwa utendaji wa mfumo wake wa afya. Watoto wetu waliacha kufa. Hilo ni kubwa kuliko lolote katika makala haya.

Lakini tazama nyumba waliyohamia. Fleti ya Ruwi au Al Khuwair, vyumba viwili, kiyoyozi kinanguruma, milango imefungwa. Bibi amebaki Unguja, shangazi yuko London, dada yuko Abu Dhabi. Jirani ni mtu mwema lakini hamjuani kwa lugha. Mama anatakiwa kazini asubuhi. Mtoto akilia saa nane, kuta zinazuia kelele, na zinazuia msaada pia. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 imempa mama siku 98 za uzazi na baba siku saba, na ni jambo la kushukuru, ila mtoto wa miezi 18 anayepiga mayowe usiku haijui hesabu hiyo.

Pengo hilo nyumba nyingi zimeliziba kwa msichana wa kazi, na mara nyingi ametoka Tanzania, Uganda, Ethiopia au Bara Hindi. Mtoto wa Maskati anabembelezwa tena kwa Kiswahili, na kuna furaha ndani yake. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Emirati, na wengi walieleza kazi za saa nyingi bila mapumziko na pasipoti kushikwa na waajiri. Ndugu msomaji, anayekesha na mwanao usiku na kupika chai alfajiri, yeye analala lini? Sisi tunaoijua historia ya yaya wa karne ya 19 hatuna udhuru wa kutojiuliza.

Elimu ya leo inasema nini? Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Kuamka usiku ni kawaida yake. Tatizo ni kushindwa kurudi usingizini. Saa moja ile ile ya kulala kila siku, chumba chenye giza na ubaridi wa wastani, na simu kuzimwa mapema, husaidia kuliko chupa yoyote. Yuko mtoto anayepiga mayowe saa za mwanzo za usiku, macho wazi lakini hakutambui. Huyo hajaamka kwa kweli. Mlinde asijiumize, usimtikise wala kumlazimisha kuamka. Kwa kawaida atatulia mwenyewe. Anayekoroma sana, anayevuta sikio, mwenye homa au asiyekua vizuri apelekwe kwa daktari, kwani huenda ni tezi za koo, sikio au upungufu wa madini ya chuma katika damu. Dawa za mafua za kusinzisha asipewe ili alale. Na mzazi akihisi hasira imempanda, amlaze mtoto mahali salama, atoke nje ya chumba dakika chache. Kumtikisa mtoto mdogo kwa nguvu kunaweza kumuua.

Yote hayo ni mazuri, na yote yanahitaji mtu aliyelala kidogo ili ayatekeleze. Hapo ndipo tunarudi kwa wazee. Zamu zinaweza kurudishwa hata katika fleti. Baba ashike nusu ya usiku. Mtume wetu alikuwa akisaidia kazi za nyumbani kwake, na mwanamume wa Maskati hapungukiwi kitu kwa kubeba mwanawe saa tisa za usiku. Mashoga wawili wa mtaa mmoja wapokezane watoto Ijumaa mchana ili kila mmoja apate saa mbili za kulala. Bibi akija kutoka Unguja kwa ziara, asikalishwe sebuleni kama mgeni. Apewe mtoto.

Ukimsikia mtoto wa jirani akipiga mayowe usiku wa manane, usiulize wanamfanya nini. Kesho yake gonga mlango, sema umekuja kumchukua kwa saa moja.