Afande: cheo kilichogeuka salamu

Asubuhi ya ukaguzi katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nchini Tanzania, blanketi hukunjwa hadi pembe zisimame, buti hupigwa kiwi zikang'aa, na kuruti husimama mguu sawa kando ya kitanda chake. Mkaguzi akiingia hangani, jibu la karibu kila swali ni moja: "Ndiyo, afande!"

Neno hilo limetoka mbali. Kwa Waturuki lilikuwa efendi, yaani bwana, mtu wa elimu au wadhifa. Likaingia Misri. Mwaka 1889, afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipoajiri askari Wasudani mjini Cairo waje kupigana na Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani huku pwani, jeshi la Wajerumani likatumia vyeo vya askari hao: ombasha akiwa koplo, shaushi akiwa sajini. Juu yao alikaa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kufikia. Hapo juu zaidi, Mzungu tu.

Shaushi amesahaulika. Afande amebaki, tena ameshuka ngazi: leo hata koplo ni afande kwa kuruti, na neno hili hutumika Kenya na Uganda vilevile. Halibagui jinsia pia. Mkaguzi mwanamke huitwa afande, ingawa asili ya neno ni bwana.

Uraiani ndiko lilikonoga zaidi. Dereva wa daladala akisimamishwa na trafiki, "afande" hutoka kabla ya leseni, na husemwa kwa sauti laini ambayo hakuna kuruti ambaye angethubutu kuitumia mbele ya mkaguzi.