Habari za Hela, Rupia na Shilingi

Wasikilizaji wa Musoma, Bunda na Butiama,

Mtu aendaye mnadani Bunda akasema, "Sina hela," ametaja sarafu ya Wadachi, ingawa hafikiri hivyo. Leo twataka kueleza habari za sarafu hiyo na za zile zilizoifuata.

Wazee wa Mara walihesabu mali kwa ng'ombe. Ng'ombe huzaa, wala thamani yake haitegemei sahihi ya mtu. Lakini Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, haja ya fedha ilizidi. Fedha yao ilikuwa rupia, jina lililotoka Bara Hindi. Hapo kwanza rupia moja iligawanywa kwa pesa 64; tangu mwaka 1904 ikagawanywa kwa hela 100.

Vita ya mwaka 1914 ilipozuka, njia ya bahari ilifungwa, na sarafu za Ulaya hazikufika. Wadachi wakachapa noti papa hapa nchini. Tena mwaka 1916 waligonga sarafu Tabora: hela za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo. Vita ilipokwisha mwaka 1918, aliyekuwa na dhahabu alibaki na dhahabu yake. Mwenye noti alibaki na karatasi, kwa maana serikali iliyoahidi kuilipa ilikuwa imekwisha ondoka.

Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya senti 100, yenye sura ya simba. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, mtu akaweza kuzitunga uzini.

Mwaka uliofuata, 1922, Julius Nyerere alizaliwa Butiama. Mwaka 1966, naye akiwa Rais, Benki Kuu ilitoa shilingi ya Tanzania, na sura yake ikapigwa katika sarafu hizo. Shilingi ya simba nayo ikaondolewa.

Basi, ndugu zangu, noti ni ahadi, na nguvu yake ni nguvu ya yule aliyeahidi. Auzaye ng'ombe akapokea noti asizifukie chini ya kitanda miaka mingi kama dhahabu. Na azitumie kwa jambo la faida, au aziweke benki, na tangazo la kubadili fedha likitolewa, alitii mapema.