Waliochora Mji wa Unguja

Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara aliyetoka pwani, alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda; naye ndiye anayetajwa katika taarikhi kuwa wa kwanza kumweleza mfalme huyo habari za dini ya Kiislamu. Nyuma ya safari za namna hiyo ilikuwako bandari ya Unguja. Basi Waislamu wa Mbarara na Nakivale si wageni wa mji ule, na habari za waliouchora zinawahusu.

Kabla ya wasanifu wa serikali, Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliwaletea watu maji safi kwa mabomba, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib ikielekea bahari. Himaya ya Kiingereza ilipoanza mwaka 1890, kazi ya ujenzi ilishikwa na mafundi wa serikali. Aliye mashuhuri kati yao ni J. H. Sinclair, ambaye baadaye alikuwa Balozi wa Kiingereza, 1922 hata 1924. Yeye alipenda matao na makuba ya majengo ya Kiislamu, na Beit al-Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925, ni ukumbusho wa kazi yake. Mwaka 1923 H. V. Lanchester, aliyekwisha fanya kazi kama hiyo Bara Hindi, alitoa mpango wa mji mzima.

Lakini uzuri wa kuba haumtoshi asiye na kiwanja. Watu wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao, bali ardhi ilikuwa ya wengine. Mwaka 1928 wakagoma kulipa kodi ya viwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuja wachoraji wa Ujerumani ya Mashariki, wakatoa mpango wao mwaka 1968. Majumba marefu ya Michenzani yakasimama palipokuwa na nyumba za watu hao hao.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mbarara imekuwa jiji tangu 2020, na Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, ina watu waliojenga katika viwanja walivyopewa kutumia, si kumiliki. Ramani zitachorwa huko pia. Taarikhi ya Unguja yafundisha kwamba mkaaji aulizwe kabla mstari haujapita juu ya nyumba yake.