Mapenzi Yaliyopewa Anwani: Safari ya Riwaya Kutoka Ukerewe hadi Nyegezi

Basi la kutoka Dar es Salaam likishaipita Buhongwa, abiria huanza kutafuta viatu chini ya viti. Mkolani inapita dirishani, mawe makubwa yanaonekana yamepandana vilimani kama yaliyopangwa na mtu, na punde konda anatangaza Nyegezi. Stendi imejaa. Wapiga debe wanagombea mabegi, bodaboda wanaita Malimbe na Butimba, mama mmoja anapima karanga kwa kikombe na kuzimimina kwenye kifuko cha gazeti. Wengi wanaoshuka hapa wana haraka ya kwenda mjini, gatini au chuoni. Ni wachache wanaojua kwamba wamekanyaga mahali iliponolewa kalamu iliyobadili namna habari za mapenzi zinavyoandikwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1957, mvulana wa miaka 13 hivi kutoka kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, aliingia Seminari ya Nyegezi. Jina lake Euphrase Kezilahabi. Seminari ilikuwa shule ya kuandaa mapadre, na mtoto wa kisiwani aliyeingia humo alikuwa amevuka maji, ameacha wazazi na ameingia katika ratiba ya kengele, sala na vitabu. Upadre hakuupata. Mwaka 1967 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu 1970, na mwaka uliofuata, 1971, East African Literature Bureau wakatoa riwaya yake ya kwanza: Rosa Mistika.

Riwaya ile inaanzia wapi? Namagondo. Kijiji chake mwenyewe, kwa jina lake halisi. Binti wa hadithi, Rosa, ni mtoto wa Zakaria na Regina wa Namagondo; anakwenda kusoma shule ya wasichana Mwanza, kisha Morogoro kusomea ualimu. Msomaji mwenye ramani ya Tanzania angeweza kuifuata safari ya Rosa kwa kidole.

Leo jambo hilo laonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa hivyo. Pwani ilikuwa na tendi za mapenzi kwa muda mrefu, lakini wapendanao wake mara nyingi waliishi mbali. Mikidadi na Mayasa, ambao kisa chao kiliimbwa kwa Kiswahili vizazi na vizazi, ni watu wa Uarabuni. Shaaban Robert, alipotaka kusema mazito juu ya utawala na haki, aliunda nchi yake mwenyewe: Kusadikika ilitoka 1951, na Kufikirika ikachapishwa 1967 baada ya mwandishi kufariki. Majina yenyewe yanamwambia msomaji kwamba asiitafute nchi hiyo kwenye ramani. Ulikuwa ufundi mkubwa, na chini ya wakoloni ulikuwa pia ngao. Lakini nchi ya kusadikika ina mlango wa nyuma: msomaji anaweza kutoka humo akisema hayo ni ya huko, sisi hayatuhusu.

Kezilahabi aliufunga mlango huo.

Mwanzoni mwa kitabu Rosa anapata barua ya kijana anayempenda, na baba yake anampiga kwa sababu ya barua hiyo. Ni karatasi tu, lakini katika nyumba ile ina uzito wa kosa la jinai. Zakaria ni mlevi anayewalinda binti zake kwa fimbo huku hana muda wa kuwalea. Kama kisa hiki kingetokea katika nchi ya kubuni, Zakaria angekuwa mfano wa baba mkali. Kikitokea Namagondo, Zakaria ni jirani. Ana njia anayopita akitoka kilabuni, ana kanisa analosali, ana watu wanaomjua. Msomaji wa Ukerewe mwaka 1971 hakuwa na pa kujificha, na hata wa Songea au Tanga alielewa kwamba kama kuna Namagondo moja yenye jina, zipo nyingine nyingi ambazo hazijatajwa.

Halafu kuna maji. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na kati ya Nansio na gati la Mwanza ni saa tatu au zaidi kwa meli. Anayesafiri njia hiyo anaijua hali yake: magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, watoto wanaolala juu ya khanga, na ule upepo wa katikati ya ziwa unaomfanya mtu avute nguo hadi shingoni. Kisiwani, Rosa anajulikana kwa kila mtu kama mtoto wa Zakaria. Akishuka gatini Mwanza, ni msichana tu kati ya wasichana. Macho ya kijiji yameishia majini. Uhuru ule anaupata kwa ghafla, bila mtu aliyewahi kumfundisha kuutumia, na humo ndimo anamoangamia. Ziwa basi linafanya kazi katika hadithi kama mhusika mwingine yeyote, na kazi hiyo isingefanywa na mto wa kubuni katika nchi isiyojulikana.

Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyoandika mambo ya ngono waziwazi. Baadaye iliruhusiwa, ikawa kitabu cha kufundishia, na vizazi vya wanafunzi vikajibu maswali ya mtihani juu ya malezi ya Rosa. Kezilahabi hakuishia hapo. Katika Kichwamaji ya 1974 msomi wa chuo kikuu anarudi kisiwani kwao na kujikuta mgeni. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 kijana wa Ukerewe anatoka kisiwani na maisha yanamfikisha hadi Shinyanga. Kila mara kuna safari, na kila mara mahali pana jina.

Lakini heshima ya mwanzo si yake peke yake. Kisiwani humohumo, upande wa misheni ya Kagunguli, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Kufikia 1945 Kitereza alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mapenzi ya mume na mke. Miaka ikapita bila mchapishaji wa lugha ile. Mzee huyo, uzeeni, akakaa na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 Kitereza alifariki. Kazi yake ilisubiri miaka 35 kuwa kitabu, na kila anayependa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuumia akilikumbuka hilo.

Kisa chenyewe ni cha Ukerewe ya kabla ya Wazungu. Myombekere na mkewe Bugonoka hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anabaki na nyumba baridi. Ndugu wanamshauri aoe mwingine, yeye anakataa. Anashika njia kwenda ukweni kuomba mke wake arudishwe, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi kama adhabu ya matusi ya ndugu zake.

Hapo Kitereza anapunguza mwendo. Pombe ile haiji kwa sentensi moja. Ndizi lazima zipatikane, ziivishwe, zikamuliwe, vyombo viazimwe, watu wa kubeba waombwe. Msomaji mwenye pupa anaweza kuchoka, lakini asiruke. Katika taabu ile ndimo mapenzi ya Myombekere yanamoonekana. Hatoi hotuba ya kumsifu mkewe. Anakamua ndizi. Mwanamume anayezikamua ili mke asiye na mtoto arudi nyumbani amesema yote, na amesema kwa mkono unaofahamika kwa yeyote aliyekulia kwenye migomba ya kisiwa kile.

Kwa hiyo kuna njia mbili za mapenzi kutoka kisiwa kimoja. Ya Kitereza ni njia ya miguu: kila anayepita anajulikana, kila kosa lina faini yake, na mapenzi yanalindwa na ukoo hata pale ukoo unapoyasumbua. Ya Kezilahabi ni njia ya meli: inakupeleka mahali ambapo faini za ukoo hazifiki. Kuvisoma vitabu hivi viwili mfululizo ni kuona jamii moja ikivuka maji. Shule, misheni, mshahara na mji wa Mwanza, uliofikiwa na reli mwaka 1928, viko kati ya kitabu kimoja na kingine.

Kwingineko mambo hayakwenda sawa. Zanzibar ilipendwa na waandishi wa nje. Mwingereza M. M. Kaye aliandika riwaya mbili zilizowekwa huko, moja ya 1959 na nyingine, Trade Wind, ya 1963, na wasomaji wa Ulaya wakapata jahazi, karafuu na milango ya nakshi. Mahali hapo pamepambwa vizuri, lakini mwenye mji ndani yake ni mtu wa kupita. Adam Shafi alipotoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, Unguja ileile ilipata watu wake. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka na kupata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, na anampenda Denge, mpigania uhuru. Kutoka mjini hadi Ng'ambo si mwendo mrefu hata kidogo, lakini Unguja ya ukoloni iliufanya kuwa mpaka wa rangi na tabaka, na Yasmin anauvuka kwa miguu yake. Mwaka 2021 Amil Shivji alikitengenezea filamu kisa hicho, na watu walioiona walitoka wakizungumzia mitaa kama walivyozungumzia wapendanao.

Miji mingine imejua kuvuna kutokana na hadithi zake. Verona, Italia, ina nyumba inayoitwa ya Juliet, na wageni humiminika kutazama roshani yake ingawa roshani hiyo iliwekwa karne ya 20, miaka zaidi ya 300 baada ya Shakespeare kuandika. Watu humwandikia Juliet barua, na wako wanaojitolea kuzijibu. Nairobi nayo, nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mara tu baada ya filamu ya Out of Africa ya 1985 kuipeleka dunia nzima kwenye vilima vya Ngong. Hadithi ile ni ya mapenzi ya walowezi, na imewekewa lango, tiketi na waongozaji. Rosa na Bugonoka wanastahili angalau kiti cha kukalia.

Njia ya tatu ilikuja kwa magazeti. Kabla ya simu za mkononi kumeza kila kitu, maelfu ya wasomaji wa Kiswahili walipata mapenzi yao kwa vipande vya kila wiki, na kipande kilikatika pale hasa moyo ulipokuwa mdomoni. Aliyetajirika kwa kazi hiyo kuliko wengi ni Eric Shigongo, mtu wa Buchosa, ng'ambo ya ghuba ukitokea Mwanza, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa huko. Wasomi wengi waliyadharau maandishi ya aina hii. Walikosea. Gazeti lililosomwa na watu wanne kwenye kiti kimoja cha basi lilifundisha watu kupenda kusoma, na liliwazoesha kukuta mapenzi kwenye vituo wanavyovijua.

Watu wa upande ule wa ghuba waliujua pia ule muda wa kungoja kivuko cha Kigongo na Busisi: magari yamepanga foleni, wauza samaki wanapita madirishani, na wewe una mtu anayekusubiri ng'ambo huku maji yako mbele yako. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na kungoja kule kumekwisha. Mwandishi atakayekuja atalazimika kuwatenganisha wapendanao wake kwa kitu kingine.

Mwaka huohuo wa 2025 Rosa Mistika ilitoka Marekani kwa Kiingereza, tafsiri ya Jay Boss Rubin. Kezilahabi hakuishuhudia siku hiyo. Alifariki Dar es Salaam Januari 2020. Sasa msomaji wa mbali, ambaye hajawahi kusikia neno Namagondo, analitamka na kulitafuta kwenye ramani. Akifunga safari atapitia uwanja wa ndege wa Mwanza au stendi ya Nyegezi, atapanda meli ya Nansio, na atauliza.

Awepo wa kumjibu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Malimbe, si mbali na stendi, na kinafundisha waandishi wa habari. Wanafunzi wake wanaweza kuichora njia ya Rosa na njia ya Myombekere katika muhula mmoja. Jiji la Mwanza na Halmashauri ya Ukerewe waweke kibao Nyegezi, kingine kwenye gati la Nansio, kingine Kagunguli. Na maktaba za kanda hii zihakikishe kwamba kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kinapatikana rafuni kwa mtoto wa shule anayekuja kukiomba, kwa sababu mwandishi wake alikuwa jirani yetu.